Mashavu Mekundu Mbele ya Kaunta

Watu wa Kisumu walipenda kuniuliza kwa nini nimelia, na mimi nilikuwa sijalia. Nilikuwa nimetoka nyumbani mzima, chai nimekunywa, leso yangu safi kichwani, lakini nikifika tu kona ya soko mama mmoja ananishika mkono kwa huruma. "Nani amekuudhi, binti? Unaishi na mama wa kambo?" Mama yangu wa kunizaa alikuwa hai, tena wakati huo yuko jikoni anakaanga samaki.

Shida ilikuwa mashavu. Babu mzaa baba alikuwa Mbaluchi, aliyefika Kisumu reli ilipokuwa bado changa, akaoa hapa, asirudi tena kwao. Mama yangu ni Mjaluo wa Asembo, upande wa Luanda Kotieno, aliyesilimu alipoolewa. Mimi nikatoka katikati, maji ya kunde yaliyozidiwa maji, na ngozi nyepesi isiyojua kuficha jambo. Nilipovunja ungo sikuwa na tatizo lolote. Vita vya pili vilipomalizika, nikiwa msichana mkubwa wa kuitwa binti na watu nisiowajua, wekundu ukaanza. Ulianza puani, ukasambaa mashavuni pande zote mbili, ukakaa. Jua likipanda, nao unapanda. Chai ya moto, vivyo hivyo. Pilipili sikuthubutu. Nikiona haya ndiyo kabisa, uso unawaka mpaka masikioni. Na mtu akishajua kwamba haya itamwaibisha, basi anaona haya tangu asubuhi hadi magharibi.

Mama alinipeleka zahanati. Tabibu wa pale alinitazama kwenye mwanga, akanibonyeza shavu kwa kidole, akasema si ugonjwa, hauambukizi, ni ngozi yangu tu ndivyo ilivyo. "Akae kivulini," akamwambia mama. Kivuli Kisumu kipo, lakini joto nalo hujua njia ya kuingia humo.

Baba alikuwa fundi cherehani. Aliweka mashine yake kwenye baraza ya duka moja la nguo, kama walivyofanya mafundi wengi wakati ule: mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho nje, fundi anampima palepale. Mwenye duka alikuwa Mhindi Mwislamu aliyezaliwa Kisumu, mtu wa maneno machache, anayezungumza Kijaluo vizuri kuliko baba. Wakati huo akina mama wengi walikuwa wameanza kutaka magauni, lakini hawakupenda kuchaguliwa kitambaa na kuzungushiwa futi kiunoni na wanaume. Mke wa mwenye duka ndiye aliyesema, mbona fundi ana binti mkubwa? Ndivyo nilivyoingia nyuma ya kaunta.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Nilipenda kulitupa jora kwenye kaunta likajikunjua lenyewe, tap, tap, tap. Nilipenda harufu ya marikani mpya, na mkasi mkubwa uliokata nguo bila kutafuna. Nilijifunza kumwambia mteja ukweli, kwamba maua haya makubwa yatakunenepesha, Mama, chukua haya madogo. Walinisikiliza. Kuna wakati wateja walikuwa wakiuliza mlangoni, "Yule binti yupo?"

Kisha ikaja adhuhuri moja ya kiangazi. Paa la duka lilikuwa la bati, upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, na ndani mmejaa watu. Mteja wangu alikuwa mama muuza samaki kutoka Dunga, mtoto mgongoni, na tulikuwa tumekwisha kukubaliana kitambaa. Nilipoinua uso kumwonyesha upande wa pili, akarudi nyuma ghafla, akamvuta mtoto wake ubavuni.

"Huyu ana surua!" alisema kwa sauti. "Mwangalieni uso! Mimi nina mtoto mchanga hapa!"

"Si surua, Mama," nilisema. "Ni joto tu."

Lakini kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuwaka. Aliacha kitambaa kwenye kaunta akatoka, na wawili waliokuwa nyuma yake wakatoka naye. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alisubiri mlango utulie, kisha akasema bila kunitazama, "Binti, nenda stoo. Huko nyuma pia kuna kazi."

Huko nje nilisikia cherehani ya baba ikisimama. Ilikaa kimya kwa muda. Halafu ikaanza tena, polepole, na mimi nikaenda stoo.

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye kidirisha kimoja kidogo. Nilikunja majora, nikayafuta vumbi, nikayapanga. Kupitia ukuta wa mbao niliwasikia wateja wakiuliza bei, wakicheka, wakidanganywa juu ya maua makubwa. Nilikaa humo miezi mingi.

Ndipo nikafikiria poda. Maduka ya mjini yaliuza poda za makopo zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake wa Kizungu. Niliyoipata mimi ilikuwa na picha ya mwanamke mweupe ananusa ua, na yenyewe ilikuwa rangi ya maziwa ya mbuzi. Niliinunua kwa siri. Mtaani kwetu kulikuwa na harusi, na akina mama walikuwa wanakutana alasiri uani kwa bibi harusi. Nikajifungia chumbani, nikaipaka, na kioo chetu cha ukutani, kilichokuwa kwenye kiza cha pembeni, kikaniambia nimependeza.

Nilipokanyaga ule ua wenye jua, mazungumzo yalikatika. Sikujua kwamba jasho tayari limechora mifereji, na kwamba kwenye mifereji ile wekundu umechungulia kama nyama kwenye mafuta. Mama mmoja mwenye sauti ya kuongoza nyimbo alipiga makofi. "Jamani! Nani amemwaga unga?" Ua mzima ukaangua kicheko. Hata bibi harusi aliyekuwa amefunikwa niliona mabega yake yakitikisika.

Mama alinitoa hadi nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji ya mvua, akaniosha uso kwa kiganja chake. Hakunigombeza. "Nyathina," aliniita, mwanangu kwa Kijaluo, kama alivyofanya akiwa na uchungu, "ulikuwa umependeza kabla hujaanza." Siku hiyo ndiyo niliyolia kweli, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Habari zilimfikia baba. Kesho yake wakati wa chai akasema mara moja tu, bila hasira: "Uso wa mwanangu si ukuta wa kupigwa chokaa." Nikamwambia nimesikia. Kopo nikaliweka chini ya kitanda.

Sasa, upande wa pili wa njia yetu iliishi familia ya Kihindu, na binti yao alikuwa anakaribia kuolewa. Mama alikuwa akipelekeana nao sahani siku zote, za Idi zikienda kule na za Diwali zikija huku. Siku moja alinituma na bakuli la maembe, nikamkuta yule msichana ameketi kwenye kibao uani na jamaa zake wanampaka bizari ya manjano iliyokorogwa na mafuta, mikono, miguu na uso, wanaimba. Nilikuwa nikimjua vizuri yule msichana. Kwenye paji la uso alikuwa na vipele vyekundu vilivyomsumbua mwaka mzima. Nilisimama na bakuli langu nikamtazama akioshwa. Manjano yalikuwa yamebaki kidogo tu, kama kivuli, na vile vipele havikuonekana. Nilisogea karibu. Vilikuwepo, vimeinuka palepale, ila rangi yake imekwenda. Wekundu ulikuwa umekutana na manjano na umenyamaza.

"Bizari inaleta heri," mama wa bibi harusi aliniambia alipoona nimekodoa macho. "Na ngozi inang'aa."

Mimi sikuwa nafikiria kung'aa. Nilirudi nyumbani mbio, nikasahau kuomba bakuli letu.

Jaribio la kwanza nilichota bizari jikoni nikajipaka mashavu yote. Mama aliporudi kutoka kisimani akatua ndoo kwa kishindo. "Homa ya manjano! Uwi! Mtoto ameshikwa na homa ya manjano!" Ilinichukua muda kumzuia asiwaite majirani, na bizari ilichukua siku mbili kutoka. Lakini nilikuwa nimeona nilichotaka kuona. Chini ya ile rangi mbaya, mashavu yangu yalikuwa sawa na paji langu la uso.

Kwa hiyo bizari iwe kidogo, kidogo mno. Lakini ichanganywe na nini? Poda ya kopo ilifanya kila kitu kiwe kijivu. Udongo wa vyungu nao una wekundu wake, nikajiongezea adui. Jibu lilikuja asubuhi moja mama alipokuwa akikaanga unga kwa ajili ya uji wa mgonjwa. Niliuona ukibadilika kikaangoni: ukatoka mweupe ukawa rangi ya maziwa yenye chai, kisha rangi ya ndani ya mkono wangu, kisha rangi ya uso wa shangazi yangu.

"Mama, ngoja!" nilisema. "Usiutoe. Yaani, utoe! Huo hapo, utoe sasa hivi!"

Nikamweleza. Alinisikiliza mwiko mkononi. Nilidhani atanikumbusha lile pipa la maji. Badala yake aliniuliza, "Unga gani ulio laini zaidi?" Tukakubaliana ni wa mchele. Tangu siku hiyo tulikuwa wawili.

Tulitwanga mchele, tukaupitisha kwenye kipande cha melimeli, kile kitambaa chepesi cheupe, tukautwanga tena, tukaupitisha tena, mpaka ukawa laini kama moshi. Kisha kikaango, moto wa makaa machache. Mama ndiye aliyekuwa na jicho la moto. "Toa kabla haujafika," alinifundisha, "kikaango kinaendelea kupika hata ukikishusha." Tuliunguza mwingi. Baba alilalamika kwamba nyumba inanuka bisi lakini bisi haoni. Tulijaribu kuushikisha usoni kwa mafuta ya nazi, nikang'aa kama sufuria. Tukajaribu samli, nzi wakanifuata. Mwishowe ilikuwa krimu ya mkono, chembe isiyozidi punje ya mtama, isuguliwe kwanza viganjani hadi karibu iishe, halafu ndipo viganja viguse shavu.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kujizuia. Mkono wangu ulitaka kupaka uso mzima. Kila nilipofanya hivyo nilipata kinyago, kizuri au kibaya, lakini kinyago. Mpaka siku nilipochoka, nikaweka unga ule pale tu palipokuwa pekundu, kwa ncha ya kidole, kwa kudonoadonoa bila kusugua, na kuuacha ufifie wenyewe ukingoni. Paji la uso nililiacha. Kidevu nilikiacha, na kale kadoa keusi kadogo karibu na jicho, ambako ningeweza kukaficha, nilikaacha makusudi. Tena sikutumia kile kioo cha kizani. Nilikitoa msumarini nikaenda nacho mlangoni, penye jua la asubuhi lisilo na huruma kwa mtu.

Mama alikuwa anafagia uani. Alinitazama akaendelea kufagia. "Leo hujajaribu?" aliniuliza.

"Nimejaribu."

Akasimamisha ufagio. Alikuja, akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye jua, upande huu, upande huu. Hata alininusa. Halafu akatupa ufagio na kupiga kigelegele kirefu mpaka mama wa Kihindu ng'ambo ya njia akatokeza kichwa kuuliza nani anaolewa.

Baba tulimwacha agundue mwenyewe, na hakugundua. Alikunywa chai, akala muhogo, akazungumza habari za sindano za cherehani zilizoadimika. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa leso.

"Mnacheka nini?"

"Mtazame binti yako," mama alisema.

"Namwona."

"Unaona nini?"

"Naona mwanangu. Kuna nini?"

"Amepaka."

Baba aliweka kikombe chini. Alivaa miwani yake ya kutungia uzi, akainama mbele. Nilikunywa chai yangu ya moto makusudi huku akinitazama. Nilihisi joto likipanda mashavuni, nikajua wekundu umefika, umegonga, na haujafunguliwa. Muda ulipita.

"Amepaka wapi?" baba aliuliza.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. "Basi hii si chokaa," alisema. Akainuka. "Vaa viatu. Twende kazini."

Tulipofika hakwenda kwenye mashine yake. Aliingia dukani mbele yangu, jambo asilolifanya kwa kawaida, akasimama mbele ya mwenye duka.

"Bwana, stoo yako imepangika," alisema. "Binti anarudi mbele."

Mwenye duka alinitazama, akatazama tena. Mke wake alitokea nyuma ya pazia naye akatazama. "Amepona?" mwenye duka aliuliza.

"Hakuwa mgonjwa," baba alisema, akatoka kwenda kukaa kwenye cherehani yake.

Siku ile bati lilichemka kama kawaida. Nilikuwa na kitambaa cha pamba mfukoni. Nilikuwa nimejifunza kwamba jasho halifutwi, linabonyezwa, na kitambaa kinanyonya maji bila kuvuta unga. Kila nilipopata nafasi niligeuka kana kwamba natafuta mkasi, nikabonyeza, nikarudi. Nilihudumia wateja mpaka sauti ikanikauka. Hakuna aliyeniuliza kama nimelia. Ulipofika wakati wa upepo wa ziwa, ule unaoingia mitaani alasiri ukapeperusha mapazia, nilikwenda nyuma kwenye kidirisha cha stoo nikajiangalia kwenye kioo chake. Uso ulikuwa wangu. Nilicheka peke yangu pale kati ya majora.

Majuma machache baadaye yule mama wa Dunga akaja. Nilimjua kabla hajavuka kizingiti, kwa sauti na kwa mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea. "Oyawore, nyara," alinisalimia vizuri kwa Kijaluo, habari za asubuhi, binti yangu, nami nikamwitikia. Alitaka kitambaa cha gauni la kwendea matanga. Tuliinama pamoja juu ya kaunta, vichwa vinakaribia kugusana, tukavuta nyuzi kuona kama rangi itachuja. Alikubali, akakataa, akakubali. Nilipokuwa nakata, akaegemea akaninong'oneza:

"Kulikuwa na mwingine hapa zamani, mwenye surua. Walimfukuza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na angeondoka. Nilimaliza kukata, nikaweka mkasi chini.

"Ni mimi, Mama. Na haikuwa surua."

Alinikazia macho. Akanyoosha kidole gumba chenye harufu ya samaki, akanigusa shavu, akakitazama kidole. Kulikuwa na vumbi kidogo sana juu yake, rangi ya ngozi yangu. Nikamwambia ni ngozi, haiambukizi, na ile siku alimwogopea mtoto wake bure ingawa mama yeyote angeogopa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyezoea kushindana na mawimbi na wateja, mpaka baba akachungulia kutoka barazani.

"Wewe ni mwerevu!" alisema. "Mimi nilikiacha kitambaa changu hapa kwa ajili ya joto! Basi nipimie na cha mtoto. Na usinikasirikie, nyara."

Sikumkasirikia. Alipotoka nilimsikia akiwaeleza watu barabarani kisa chote, kwa sauti ileile aliyotangazia surua.

Kuanzia hapo haikuwa siri tena, na ajabu ni kwamba haikunidhuru. Watu walikuja kunitazama kwa karibu wakitafuta palipopakwa, na hawakupaona. Mke wa mwenye duka ndiye aliyekuja na wazo la picha. Mizigo mipya ilikuwa imefika, kitambaa cha maua madogo ambacho hakuna duka jingine mjini lililokuwa nacho, na alitaka ipigwe picha kubwa ya mtu aliyevaa gauni lake, iwekwe kwenye dirisha la kioo la mbele. "Avae huyu," alisema akaninyooshea kidole.

Baba alikaa na jambo lile siku nzima. Picha ya binti yake dirishani, barabara kuu, halikuwa jambo dogo kwa watu wa msikiti wetu. Jioni akatoa masharti. Nitafunika kichwa, na gauni atalishona yeye. Alilishona kama anayeshonea harusi: mikono mirefu, shingo ya kufunga, na mshono wa ndani uliotulia kiasi kwamba ungeweza kulivaa nje ndani.

Mpiga picha, Singasinga mwenye studio mtaa wa pili, aliponiona alitupungia mkono kukataa. Alinikumbuka. Miaka miwili nyuma familia yetu ilikuwa imepiga picha kwake ya Idi, na mashavu yangu yalitoka meusi kama niliyepakwa masizi, mpaka mama akaificha picha sandukuni.

"Filamu yangu haipendi wekundu," alisema. "Kila chekundu kinatoka cheusi. Na akipaka poda nyingi atatoka kama mzimu. Leteni msichana mwingine."

"Mpige huyu," mke wa mwenye duka alisema. "Hata ikitoka vibaya tutalipa."

Niliketi kwenye kiti chake chini ya taa zilizounguza kuliko bati lolote. Alijifunika kitambaa nyuma ya kamera yake, akatoka, akaja karibu yangu, akarudi, akatoka tena.

"Haya, kapake poda tuanze."

"Nimeshapaka, Bwana."

Alikuja akaniinamia mpaka ndevu zake zikakaribia kunigusa. Hakuamini, nami sikumlazimisha. "Basi tazama hapa," alisema, "na usitabasamu kama ulivyotabasamu ile Idi, ulikuwa kama unaumwa jino." Hapo nikacheka, naye akabonyeza.

Picha ilipowekwa dirishani, nilikuwa ndani napanga kaunta. Niliwaona kwa nyuma ya kioo wakisimama: mwenye baiskeli mmoja, halafu wanafunzi, halafu akina mama wa mtaa wetu wakitoka sokoni na vikapu. Miongoni mwao alikuwa yule kiongozi wa nyimbo aliyenicheka harusini. Alisogea mpaka pua yake ikagusa kioo. Nilikuwa mle ndani, hatua chache kutoka picha yangu, gauni lilelile, na alinitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama. Kisha akaingia, akaegemea kaunta, na sauti yake kubwa ikawa ndogo.

"Ule unga wa kwako," alisema. "Mimi pia huwa nina madoa hapa, ya jiko. Unaweza kunionyesha?"

Nikamwambia alete mchele wake kwa mama Ijumaa baada ya sala, na aje na uso mtupu ili tuipate rangi yake yeye, kwa maana ya kwangu haitamfaa. Alikuja. Walikuja na wengine. Uani kwetu kikaango kilikuwa hakipoi, na mama alikuwa akiwaamuru watu wazima kama watoto: toa sasa, toa, unaunguza uso wako huo!

Baba alisimama mbele ya lile dirisha siku ya mwisho ya juma, baada ya mafundi wenzake kuondoka. Nilimwangalia nikiwa nafunga milango. Alikuwa anaangalia mshono wa bega, nadhani, kisha mkono, kisha akafika usoni, akabaki hapo. Mtu aliyekuwa anapita akasimama kando yake. "Huyu ni nani, fundi?" Baba akamjibu, "Gauni ni langu, na mwenye kulivaa ni wangu." Akachukua fimbo yake, tukaenda nyumbani.

Nilikuwa na siku ambazo sikupaka kitu. Nilipokwenda Asembo kwa bibi, na vumbi la basi na jua la ufukweni, nilifika mwekundu kama pilipili na sikujali. Huko nilikuwa kama nazaliwa upya kila mara, hakuna aliyekuwa ananitazama shavu. Mjini pia nilianza kuacha, siku nyingine nikipaka na siku nyingine nikitoka hivihivi, na watu wakazoea nyuso zangu zote mbili.

Miaka ya hamsini ilipoingia, yule Singasinga alikuja mwenyewe dukani akaomba ruhusa kwa baba. Alitaka niwe nakwenda studio Jumamosi alasiri, kuwatengeneza akina mama kabla hawajaketi mbele ya kamera. Baba akasema mwulize mwenyewe. Aliniuliza mimi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima aliyetaka kunipa kazi kunielekea mimi kwanza na kungoja jibu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule kutoka Bondo, mwanamke mrefu mweusi wa kung'aa, aliyeungua maji ya moto alipokuwa msichana. Kovu lilikuwa limepita kutoka sikioni hadi shavuni, na ngozi yake mpya ilikuwa na wekundu wa zambarau. Alikuwa amekuja kupiga picha ya kumpelekea mchumba aliyekuwa masomoni mbali, na alikuwa amejifunga kitambaa mpaka chini ya jicho.

"Ananijua nilivyo," aliniambia kabla sijamwuliza. "Sitaki kumdanganya. Ila siku moja tu nataka picha ambayo mtu ataanza kunitazama macho."

Nilikaanga unga wake palepale nyuma ya studio, kwenye jiko la makaa, mpaka ukafika rangi ya kahawa iliyoiva, nikautoa kabla haujafika. Bizari kidogo. Nilifanya kazi mlangoni, kwenye mwanga, kwa ncha ya kidole, naye amefumba macho na pumzi ameizuia. Kovu sikuliondoa, na wala haliwezi kuondolewa. Mikunjo yake ilibaki. Niliutoa ule wekundu tu. Nilipomaliza nikampa kioo.

Alijitazama. Alifungua kile kitambaa cha kichwani, akakikunja vizuri mara mbili, akanipa nimshikie. Kisha akapita katikati yetu, mpiga picha akiwa bado anatafuta filamu, akaketi kwenye kiti, akanyoosha shingo, na kumwambia, "Niko tayari, Bwana. Wewe ndiye unayechelewa."